Saa Mbili Kati ya Kipenga na Taarifa

Mechi ya ligi inayoanza saa tisa alasiri pale Moi Stadium, Kisumu, huisha yapata saa kumi na dakika hamsini: dakika 45 za kipindi cha kwanza, mapumziko ya dakika 15, dakika 45 nyingine, na zile chache anazoongeza refa. Taarifa ya habari ya Kiswahili katika vituo vingi vya runinga nchini huanza saa moja usiku, na ya Kiingereza saa tatu. Mwandishi wa michezo aliye mbali na Nairobi basi ana saa mbili tu za kuhoji, kuandika, kusoma, kuhariri na kutuma, na mtazamaji wa Siaya au Molo ataona dakika moja na nusu. Mengi yanayovutia vijana kwenye kazi hii, umaarufu, kujuana na wachezaji, kuingia uwanjani bila tiketi, hayana uzito mbele ya saa hizo mbili. Humo ndimo mhariri anapojua kama wewe ni mtu wa kutegemewa.

Nazo huokolewa asubuhi, kabla hujatoka nyumbani.

Anza na hesabu ya kadi. Kamera ikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, dakika 90 za mchezo hula takriban gigabaiti 34, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 64 hubeba mechi nzima pamoja na mahojiano. Kamera hiyo hiyo ikiachwa kwenye megabiti 100, kadi itajaa karibu na dakika ya 85, mpira ukiwa bado unachezwa. Kosa hili huwapata zaidi wanaotumia kamera za kuazimana: aliyekuwa nayo jana alipiga harusi, akapandisha ubora, akairudisha bila kusema. Fungua menyu, hakikisha ni fremu 25 kwa sekunde, tazama kiwango cha kurekodi, tazama saa na tarehe. Betri za kamera ziwe tatu zilizojaa. Seli za maiki isiyo na waya ziwe mpya kila mechi, kwa sababu ile taa ya kijani hudanganya, seli ikafa katikati ya jibu la kocha na usijue mpaka ufike kwenye laptopu. Ndiyo maana maiki ya waya haiachwi nyumbani hata siku moja. Na ukiwa Kisumu au Kakamega, beba koti la mvua la kufunika kamera na taulo dogo, hata kama asubuhi imeamka na jua kali. Mvua ya bonde la ziwa hupenda alasiri, saa ya mechi.

Orodha ya wachezaji hutolewa yapata saa moja kabla ya mchezo. Ipige picha kwa simu, kisha mtafute mtunza vifaa wa kila timu, si kocha, maana kocha wakati huo hana nafasi na wewe. Mtunza vifaa ndiye anayejua kwamba namba 14 leo amevaa 24 kwa sababu jezi yake ilipasuka, na kwamba kuna akina Otieno wawili, mmoja beki, mmoja winga. Muulize majina yanatamkwaje. Ochieng' husemwa kwa ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma, na mtu wa Nyanza akisikia umelivunja jina hilo hewani, hatasikia tena lililofuata. Andika kila jina jinsi litakavyosomwa, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi moja itakayokaa mfukoni. Saa kumi na moja jioni hutakuwa na muda wa kumpigia mtu simu kuuliza.

Sasa kamera. Jukwaa kuu la uwanja kwa kawaida hujengwa upande wa magharibi ili jua la alasiri liwe mgongoni mwa watazamaji, na hapo ndipo pa kusimama, juu, usawa wa mstari wa kati. Ukishuka kupiga picha ukiwa upande wa pili, wachezaji wote watakuwa vivuli vyeusi kuanzia saa kumi. Mwenye kamera moja hujaribiwa na mambo mawili. La kwanza ni kuvuta picha karibu mno ili amwone mwenye mpira, na pasi moja ndefu ikimtoka, hataipata tena. Weka fremu iwe na mpira na angalau wachezaji watatu, vuta karibu pale tu mpira unaposimama: kona, mpira wa adhabu, majeruhi. La pili ni kuufuata mpira wa juu angani. Usiufuate. Mpira wa juu hurudi chini, na kamera iliyobaki na wachezaji itaukuta ukitua.

Bao likifungwa, ubaya mkubwa ni kuzima kamera au kuigeuza haraka. Mshike mfungaji mpaka sherehe iishe, kisha kipa aliyefungwa, kisha benchi, kisha mashabiki, sekunde tano kila mmoja bila kutikisika. Picha hizo nne ndizo zitakazoijenga taarifa, kwa sababu bao lenyewe ni sekunde tatu tu. Halafu simamisha kurekodi na uanze klipu mpya. Ukifanya hivyo baada ya kila tukio kubwa, utakapofungua kadi utajua kwamba jambo muhimu liko mwishoni mwa kila klipu, na utaruka moja kwa moja hadi hapo. Aliyerekodi kipindi chote kama klipu moja ya dakika 47 atapoteza robo saa akitafuta, na robo saa ndiyo tofauti ya kuwahi na kukosa. Kwenye daftari andika dakika, jezi, na neno moja la kukumbusha: "63, namba 9, kichwa, kona ya kulia." Viwanja vingi vya huku havina ubao wa kielektroniki unaoonekana vizuri, kwa hivyo dakika utaitoa kwenye saa yako mwenyewe uliyoibonyeza kipenga kilipolia.

Mechi za usiku chini ya taa zina mtego wao. Umeme wetu ni wa herzi 50, na kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, isiyolingana nao hufanya picha ipepese kama taa inayokaribia kuungua. Mchana tumia 1/250 au zaidi ili mguu wa mpigaji usiwe ukungu. Taa zikiwashwa, rudi kwenye 1/50 au 1/100, na uweke upya rangi nyeupe kwa kuielekeza kamera kwenye karatasi nyeupe iliyo chini ya taa hizo hizo.

Sauti ndiyo inayodharauliwa zaidi, na inasikitisha, kwa kuwa mtazamaji huvumilia picha mbovu lakini sauti mbovu humfanya abadilishe stesheni. Upepo wa ziwani huingia kwenye maiki kama ngurumo. Sifongo peke yake haitoshi, vaa maiki ile kofia ya manyoya. Ishike kati ya sentimita 15 na 20 kutoka mdomoni mwa anayehojiwa, chini kidogo ya kidevu. Sauti ya kawaida icheze karibu na desibeli -12, ukelele usipite -6. Mashabiki wa AFC Leopards wakiwa na ngoma za isukuti nyuma yako, kipimo cha kujirekebisha chenyewe kitashusha sauti ya mchezaji kila ngoma inapopigwa. Kizime, upange kwa mkono. Njia ya kwanza ya sauti kwenye kamera iwe ya maiki yako, njia ya pili iwe ya maiki iliyo juu ya kamera, ikinasa uwanja kwa sauti ya chini. Ukipata dakika tatu tupu kabla ya mechi, rekodi isukuti au nyimbo za mashabiki wa Gor Mahia bila kusema neno. Sekunde nne za sauti hiyo mwanzoni mwa taarifa hufanya kazi ambayo sentensi tatu haziwezi.

Mahojiano yana dakika kumi na tano, na wachezaji wamechoka. Panga mapema unamtaka nani: mfungaji, kocha aliyeshindwa, kocha aliyeshinda, kwa mpangilio huo, kwa sababu kocha aliyeshindwa huondoka haraka na aliyeshinda hana haraka ya kwenda popote. Mwite kwa cheo chake, "Kocha". Kwenye michezo ya shule mwite "Mwalimu", na usimhoji mwanafunzi kabla ya kumwomba mwalimu ruhusa, hata kama mtoto mwenyewe anakukimbilia. Na swali lisiwe "unajisikiaje?" Jibu lake ni lile lile kutoka Busia hadi Naivasha: tunamshukuru Mungu, tulipambana, tunarudi mazoezini. Uliza kuhusu tukio. "Kocha, pole kwa matokeo. Ulimtoa beki wa kushoto dakika ya 58. Uliona nini?" Au kwa mfungaji: "Ile kona, ulikuwa umekubaliana na mpigaji?" Mtu akiulizwa jambo aliloliona kwa macho yake, mikono huanza kuonyesha, uso hubadilika, na hapo ndipo pana sekunde 12 unazozihitaji. Mwambie mapema: tuongee Kiswahili kwanza, kisha swali lile lile kwa Kiingereza. Ukianza na Kiingereza, Kiswahili kitakachofuata kitakuwa tafsiri, kikavu, na taarifa ya saa moja ndiyo inayotangulia. Akichanganya sheng au maneno ya Kijaluo, mwache. Ni lugha yake na wasikilizaji wake wanaielewa.

Hesabu ya maneno ni hii. Msomaji wa kasi ya wastani husoma kama maneno mawili ya Kiswahili kwa sekunde. Taarifa ya sekunde 90 yenye mahojiano mawili ya sekunde 12 na sauti ya uwanja ya sekunde 6 inakubakizia sekunde 60, yaani maneno 120. Si 200. Wengi huandika 200 na kisha kuyasoma kama mtu anayekimbizwa. Maneno yetu ni marefu, yamebeba nafsi, wakati na mtendwa ndani yake, hivyo hati ya Kiingereza ya maneno 150 haigeuki kuwa ya Kiswahili ya sekunde zile zile. Andika ya Kiswahili kwanza ukiwa umeangalia picha, si ukiwa umeangalia hati ya Kiingereza.

Hapa pana jambo linalotuuma wengi wetu. Kiswahili cha michezo ni tajiri na kina wenyewe: kuotea, mkwaju wa penalti, mlinda lango, kiungo, kucheka na wavu, kuambulia sare. Lakini maneno ya mapambo yakijazwa katika kila sentensi, mchezo wenyewe hupotea. Timu moja ikiwa imecharaza, kupepeta na kuadhibu nyingine ndani ya sekunde ishirini, mtazamaji bado hajui bao liliingiaje. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliwajengea Wakenya uwanja mzima kwa sauti kwenye redio, kwa sababu msikilizaji hakuwa na macho mengine. Runingani mtu anaona. Kazi ya maneno ni kumwambia asichokiona: kwamba aliyefunga ameingia dakika mbili zilizopita, kwamba kipa huyo ni wa tatu kwa sababu wawili wameumia, kwamba pointi hizi zinaitoa timu kwenye eneo la kushushwa daraja. Pia chagua kama Gor Mahia "inaongoza" au "wanaongoza", na usibadilishe katikati ya taarifa. Tuliozoea kuhariri hati za wanagenzi hukutana na kosa hilo kila wiki.

Takwimu za riadha zinahitaji mazoezi ya mdomo peke yake. Faith Kipyegon, ambaye wakazi wa Keringet katika Kaunti ya Nakuru humhesabu kuwa wao, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 ya dakika 3:48.68 mwezi Julai 2025 mjini Eugene, Marekani. Ukiona namba hiyo kwenye karatasi kwa mara ya kwanza ukiwa hewani, utajikwaa. Iandike kwa maneno: dakika tatu, sekunde arobaini na nane, nukta sita nane. Isome kwa sauti mara tatu. Na kwenye mbio za nyika, ambako wakimbiaji hupita mbele yako mara moja kwa kila mzunguko, usikimbizane nao na kamera. Chagua mpando mmoja na mteremko mmoja, uwasubiri hapo.

Kutuma ndiko kunakowaangusha hata wazoefu. Faili ya sekunde 90 iliyobanwa kwa megabiti 8 kwa sekunde ina takriban megabaiti 90. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, inafika kwa dakika sita. Lakini uwanja ukijaa na kila shabiki akipeleka video ya bao kwa rafiki yake, mtandao ule ule hushuka hadi sehemu ya kumi, na dakika sita zinakuwa saa nzima. Kwa hiyo usingoje ukiwa jukwaani ukitazama mstari unaosonga kwa unyonge. Kabla ya mechi tafuta mahali pako pa kutumia, pawe hoteli yenye intaneti ya waya, ofisi ya rafiki, au hata nyuma ya kituo cha mafuta kilomita moja kutoka uwanjani, na upime kasi ya kupandisha siku hiyo hiyo saa ile ile. Kuwa na laini za kampuni mbili tofauti. Tuma kwanza toleo dogo la megabiti 2 ili chumba cha habari kiwe na kitu mkononi, halafu lile kubwa. Ukituma sauti ya kusoma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama ujumbe wa sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa ukatoka kama wa simu ya kijijini. Na jina la faili liwe na tarehe, timu na mahali. Faili iitwayo "MWISHO MWISHO 2" imewahi kupeperushwa badala ya iliyo sahihi katika zaidi ya chumba kimoja cha habari.

Matangazo ya moja kwa moja kupitia begi la laini nyingi, lile linalounganisha laini kadhaa za simu kurusha picha, hufuata kanuni zile zile, ila yana ucheleweshaji wa sekunde moja hadi tatu. Mtangazaji akikuuliza swali, utalisikia likiwa limeshapoa. Ukianza kujibu kabla hajamaliza, mtapandana. Subiri, tikisa kichwa kuonyesha umesikia, kisha jibu. Na sauti yako mwenyewe isirudishwe kwenye kifaa cha sikioni, maana ukijisikia kwa kuchelewa ulimi hugota. Mwambie fundi wa Nairobi aikate kabla hamjaingia hewani.

Kandanda si kila kitu huku kwetu. Raga ya wachezaji saba kila upande, kama Prinsloo Sevens ya Nakuru au Dala Sevens ya Kisumu, ina vipindi vya dakika saba na mapumziko ya dakika mbili, na mechi hufuatana siku nzima. Anayejaribu kupiga zote hujaza kadi na kuchoka kabla ya fainali. Chagua timu mbili, fuata safari yao. Kumbuka trai, mpira ukiwekwa chini nyuma ya mstari wa lango, ni pointi 5 na konvasheni, mkwaju unaofuata trai, ni 2, na kwamba katika mchezo huu timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha mpira, kinyume cha raga ya watu 15. Wanaotoka kwenye soka huelekeza kamera upande usio, wakakosa mwanzo wa shambulizi linalofuata.

Safari Rally ni dunia nyingine kabisa. Ilianza mwaka 1953, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na ikarudi Juni 2021 ikiwa na makao Naivasha, Sébastien Ogier akiibuka mshindi. Adui wa kwanza ni ule udongo laini kama unga ambao madereva huuita fesh-fesh. Ukibadilisha lenzi katikati ya vumbi hilo, kamera inakwenda kwa fundi. Funga lenzi moja asubuhi, ufunike viungio vyote kwa utepe, na usifungue mpaka uwe ndani ya chumba. Tangu 2024 mashindano yalipohamishiwa Machi, vumbi linaweza kugeuka tope ndani ya saa moja, basi viatu na taulo viwe vya misimu yote miwili. Kuhusu mahali pa kusimama, hatubishani na mtu: si nje ya kona, si bondeni, si mbele ya utepe, hata kama picha ni nzuri namna gani. Gari lililomshinda dereva hutoka upande wa nje wa kona. Simama juu ya kilima, uwe na pa kukimbilia nyuma yako. Ukisikia helikopta, gari li karibu. Na hesabu muda wa kutoka Soysambu hadi mahali penye mtandao, kwa sababu barabara zinazofungwa kwa ajili ya mashindano hufungwa kwako pia.

Usalama uwanjani una mambo madogo yasiyoandikwa popote. Siku ya Mashemeji Derby, Gor Mahia dhidi ya AFC Leopards, usivae kijani wala buluu. Kijivu, nyeusi, khaki, basi. Kijani ni Gor, buluu ni Ingwe, yaani Leopards, na hakuna shabiki atakayekaa kukusikiliza ukieleza kwamba ni shati tu. Ukifika, hesabu milango, na gari au bodaboda iegeshwe ikiangalia nje. Vurugu zikianza, usisimame kati ya mashabiki na polisi, nenda pembeni, juu ikiwezekana, na upige picha kwa kuvuta karibu. Gesi ya kutoa machozi huelekea upepo unakokwenda. Tazama bendera ya kona ndipo uamue upande wa kukimbilia. Toa kadi iliyojaa kwenye kamera mapema uiweke kwenye soksi au mfuko wa ndani, kwa sababu kamera ikinyang'anywa au kuvunjwa, angalau taarifa ipo.

Kuhusu maisha yenyewe, vijana wanaotoka Maseno, Rongo au Masinde Muliro wakiwa na shahada mpya wanastahili kuambiwa wazi. Wengi huanza wakilipwa kwa kila taarifa inayopeperushwa, si kwa mwezi. Taarifa iliyotumwa ikakosa nafasi kwa sababu ya habari za siasa mara nyingi haina malipo, ilhali nauli, bando na chakula umeshalipa. Andika gharama ya kila safari kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Usipofanya hivyo, utadhani unapata riziki kumbe unafadhili kituo. Kubali mechi mbili zilizo karibu kuliko moja ya mbali. Lipia kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari kila mwaka kwa wakati, na vibali vya mashindano ya kimataifa uviombe mara tu dirisha linapofunguliwa, maana likifungwa halifunguliwi kwa kujuana. Uliza pia nani ana haki za kupeperusha mechi. Bila haki hizo unaweza kuruhusiwa kupiga mashabiki, mazoezi na mahojiano, lakini si mchezo.

Bahasha itakuja. Itaitwa nauli, itaitwa soda, italetwa na kiongozi wa klabu mwenye tabasamu. Tatizo lake halikai siku hiyo. Hukaa siku ambayo klabu hiyo haijawalipa wachezaji miezi mitatu na nahodha anakupigia simu usiku akitaka ulimwengu ujue. Aliyekula nauli hana mdomo. Vivyo hivyo kwa kamari: mwandishi anayejua saa moja mapema kwamba mfungaji bora hachezi, kisha akabashiri, ameshauza kazi yake.

Jumamosi na Jumapili si zako tena. Kwetu Magharibi na Nyanza mazishi mengi ni Jumamosi, na harusi vilevile, ndiyo siku za ligi. Familia itakuona runingani ukiwa uwanja wa Bukhungu, Kakamega, wakati jeneza la mjomba linashushwa Vihiga. Wanaodumu kwenye kazi hii wamejifunza kufika siku ya Ijumaa, kukesha na waombolezaji, kutoa mchango wao mapema kwa M-Pesa, na kumwambia mzee wa familia ana kwa ana kwamba kesho watakuwa kazini. Simu haitoshi kwa jambo hilo.

Kumbukumbu ndiyo akiba ya mwandishi wa mikoani. Nairobi ina maktaba ya picha, wewe una daftari. Andika humo kwamba mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963 walikuwa Nakuru AllStars, na Luo Union wakafuata 1964. Kwamba Gor Mahia, iliyoundwa 1968, ilitwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia kwa bao la ugenini, baada ya sare ya 2-2 kule na 1-1 hapa. Kwamba Harambee Stars ilianza CECAFA ya 2017, kombe la Afrika Mashariki na Kati, pale Bukhungu kwa kuifunga Rwanda 2-0 na ikamaliza na kombe. Mechi ikiahirishwa kwa mvua na mhariri bado anataka sekunde 90, daftari hilo ndilo litakalozijaza, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa shabiki enzi hizo na yuko tayari kuketi mbele ya kamera. Kaa naye kwa heshima, mwache amalize. Wazee hao wanapungua na wengi hawajawahi kurekodiwa na yeyote.

Taarifa ikishatumwa, kabla ya kutafuta chai, nakili kadi yote kwenye diski mbili, kila moja ikiwa na folda yenye tarehe, timu na uwanja. Chaji betri usiku huo huo, anza na ile iliyoisha kabisa. Futa lenzi, kausha waya za maiki kabla ya kuzikunja, na uzikunje kwa mduara mkubwa, si kuzungusha kwenye kiwiko, kwa sababu hapo ndipo hukatika ndani bila kuonekana nje. Kadi yenyewe usiifute mpaka uione taarifa imepita hewani, ya saa moja na ya saa tatu, kisha umpigie mhariri kuuliza kama anahitaji kitu kingine kutoka kwenye mechi hiyo kesho asubuhi.